Risasi ya Tano

Mogaka alizoea kupima dawa za wagonjwa, kwa hiyo kupima baruti hakukumtisha. Alijaza risasi mwenyewe kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwake mjini Lewisville, Marekani, ili bunduki yake kuukuu ya kuwindia ipige shabaha.

Mkewe, nesi pia, alimulika kwa simu maganda ya risasi yaliyokwisha kutiwa baruti lakini bado hayajafungwa. Kazini kwao, dozi ya hatari hukaguliwa na watu wawili.

"Hili umelijaza baruti mara mbili," alisema. "Bunduki ingekupasukia usoni. Na zile risasi tano ulizompa rafiki yako Kimutai pamoja na bunduki aende kuijaribu, nani ali-double-check?"

"Ni mimi tu."

Simu ya Mogaka ikalia. Kimutai alikuwa ametuma picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu manne yaliyogusana.

"Boss, hii kitu yako sasa inagonga palepale! Imebaki moja."