Amri ya Shebughe

Katika ofisi ya vizazi na vifo, kompyuta ya Shebughe ilionyesha madirisha mawili ubavu kwa ubavu: kushoto mafaili ya walio hai, kulia ya marehemu. Alikuwa amejitungia amri yake mwenyewe: akibonyeza F9, faili linahamia kulia. Siku hizi kidole kilitangulia macho.

Asubuhi hiyo alibonyeza huku akipiga soga na Bi Kidawa, muuza chai. Alipotazama, aliyehama ni mkewe, aliyemwacha nyumbani akikanda unga wa maandazi.

“Mrudishe, baba. Au ushapata mke mdogo?” Bi Kidawa alicheka.

“Amri ya kurudisha sikuitunga. Nani aliwahi kurudi?”

Simu ikaita, ya nyumbani. Bi Kidawa akaweka birika chini. Shebughe hakupokea. Alibonyeza kitufe kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyoitika.