Deraya Nyembamba

Siku hizi jeshi huunda maroboti yake makubwa kwa kufuata hoja zinazoshinda kwenye mabishano ya mtandaoni ya mashabiki wa katuni za Kijapani. Zawena, mshonaji wa Tanga, alibishana mwezi mzima kwa jina la kubuni. Alishikilia kwamba roboti lenye deraya nene ya chuma lingevunjika magoti kwa uzito wake, hivyo kifua kiwe chembamba. Hakuwa na uhakika. Alitaka tu kumnyamazisha mtu mmoja aliyemwita mjinga. Akashinda kwa kura elfu tisa.

Jumapili mdogo wake, Kombo, alikuja likizo kutoka kambini.

"Dada, nimepangiwa kuendesha lile jipya," alisema akinawa mikono. "Jepesi kweli! Ila ukiligonga kifuani linalia kama debe tupu, na sisi waendeshaji tunakaa humo humo. Sijui nani alishauri vile."

Zawena akapakua wali, kisha akahamishia nyama zote kwenye sahani ya Kombo.

"Mbona zote zangu?"

"Kula, mdogo wangu."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshiba," alisema, ingawa tangu asubuhi hakuwa ameonja kitu.