Uji wa Hamdani

Sheria ilikuwa moja tu: fedha za nchi zisizidi thamani ya vitu vilivyouzwa ndani yake. Kila magharibi king'ora kililia, na mtaa uliouza kidogo ukapunguziwa fedha, nyumba zote kwa pamoja. Chakula ambacho mama alimpikia mwanawe hakikuhesabiwa, kwa kuwa hakikuuzwa. Kwa hiyo Sikudhani aliipikia nyumba ya jirani yake Mwashamba, na Mwashamba akaipikia yake, wakalipana mlangoni.

Siku Hamdani, mwana wa Sikudhani, alipopatwa na homa, alilisukuma bakuli la Mwashamba.

“Nataka uji wako, mama,” alisema kwa sauti iliyokauka.

Sikudhani alishindwa kuvumilia, akakoroga uji. Harufu ya tangawizi ilimleta Mwashamba mbio.

“Shoga, unatutafutia balaa? Wanangu walale njaa kwa huruma yako?”

“Mtoto hajala tangu jana, Mwashamba.”

“Basi niuzie, nami nikuuzie tena. Kuna ubaya gani?”

Hakukuwa na njia nyingine. Sikudhani aliuza uji wake pamoja na sufuria. Mwashamba akaupokea, akavuka nao kizingiti, kisha akageuka na kubisha hodi kama muuzaji. Sikudhani akalipa. King'ora kilipolia, hakuna nyumba iliyopunguziwa.

Sikudhani aliketi kitandani kwa mwanawe, akakipoza kijiko cha kwanza kwa pumzi yake.

“Kunywa, baba. Huu nimekupikia mwenyewe.”

Hamdani, aliyekuwa akiutazama mlango muda wote, alifumba midomo, kisha akauliza polepole:

“Kama ni wako, mama, mbona umeununua?”