Gari Lisiloguswa na Fundi

Mzee Ndambuki aliweka kofia yake juu ya kaunta, akasema anataka mashine ya kupima gari, ile inayochomekwa chini ya usukani ikasoma makosa ya injini.

"Gari ina shida gani, mzee?" akauliza Wathome, mwenye duka.

"Haina."

Wathome alikuwa ameuza spea Machakos mjini kwa miaka kumi na mmoja. Wateja wake walikuja na grisi mikononi na machozi karibu. Mtu asiye na shida ya gari hakuwa amewahi kumwona, akasogea ili amtazame vizuri.

"Haijawahi kukuzimia njiani?"

"Hata siku moja."

"Inakula oili?"

"Haijakula tone."

"Na kugongwa je?"

"Hata mkwaruzo hakuna."

"Fundi wako ni nani?"

"Hakuna fundi amewahi kuigusa," alisema Ndambuki, "na ndiyo maana niko hapa."

Alisema kweli tupu. Alikuwa mzee wa kanisa kule Katelembo, na uongo ulimkaa vibaya mdomoni. Tena alikuwa na sababu. Jirani yake Muindi alikuwa na pikapu nzuri kabisa hadi siku ilipotoa kamlio kadogo akaipeleka kwa mafundi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akabadilisha giaboksi. Wa tatu akasema tatizo ni hao wawili wa kwanza. Sasa pikapu ile inalaliwa na kuku, na Muindi anaenda sokoni kwa miguu akiipita bila kuitazama.

Nzilani, mke wa Ndambuki, aliona yote hayo kutoka kwenye ua wake. Nzilani si mtu wa kukurupuka. Geti la boma lao lilisimama peke yake shambani miaka mitatu kabla ya nyumba kujengwa, na kila jioni alikwenda kulifunga kwa kufuli. Safari hii alikubali ng'ombe wake mmoja auzwe ili mashine inunuliwe, lakini alimwekea mumewe sharti: ukiletewa takataka na watu wa mjini ukaipokea, mambo ya gari yamekwisha katika boma hili, nisisikie tena neno hilo. Ndambuki alilipenda jambo la gari kuliko alivyoweza kukiri.

Wathome akatoa mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye kioo kama cha simu ya mulika mwizi, zile za vitufe na tochi. Ya pili ilikuwa na rangi ya kupendeza na ilijua kufuta makosa. Ya tatu ilikaa ndani ya sanduku lake, na nyaya nyingi.

"Nisaidie tu, gari ni ya petroli ama diseli?"

"Kwani nikisema petroli, ya diseli utanificha?"

"Hapana, mzee. Ni ya mwaka gani?"

"Nionyeshe ile haichagui mwaka."

Wathome akahema. Wazee wa aina hii anawajua, hawatoi siri zao bure. Akamshauri achukue ile ndogo, inatosha watu wengi.

"Tuipime kwanza," akasema Ndambuki. "Hiyo gari yako hapo nje inatosha."

Gari la Wathome lilikuwa kuukuu, na likiwashwa lilitoa moshi mweusi hadi mama muuza maembe upande wa pili wa barabara akafunika bidhaa zake. Mashine ya kwanza ikachomekwa, ikafikiri, ikasema hakuna kosa. Ndambuki akautazama moshi, akaitazama mashine, akairudisha kwenye kaunta. Ya pili nayo ikasema hakuna kosa, tena kwa herufi za kijani.

Ya tatu ikaanza kutaja. Ikataja kosa la kwanza, la pili, la tano. Ilipofika la tisa Wathome alinyoosha mkono aizime, kwa sababu wateja wengine walikuwa wamekusanyika na mmoja wao ni wiki iliyopita tu alikuwa ameomba kulinunua gari hilo.

"Wacha imalize," alisema Ndambuki kwa upole.

Ilimaliza kwenye kosa la kumi na nne. Moyo wa Ndambuki ukatulia. Mashine inayoweza kumwaibisha mwenye duka mbele ya wateja wake haiwezi kuhongwa na fundi yeyote. Akalipa, akakumbatia sanduku.

Wathome akamfuata hadi mlangoni. "Mzee, kusema ukweli, hiyo gari ya kwako niuzie mimi. Taja bei."

"Nzilani hawezi kukubali," akajibu Ndambuki, na hilo pia lilikuwa kweli.

Nzilani alimpokea getini. Hakumsalimia. Alifungua sanduku, akahesabu nyaya, akauliza kama ameiona kwa macho yake ikishika kosa. Ndambuki akamsimulia ya moshi, ya maembe na ya yale makosa kumi na manne. Nzilani alicheka hadi akashika ubavu, na mumewe, aliyekuwa amebana pumzi tangu barabarani, akacheka naye.

Wakaenda pamoja kwenye banda la gari, lenye milango miwili ya mabati mapya na sakafu ya simiti. Nzilani akafungua kufuli, akaipanga mashine kwenye rafu karibu na jeki, laifseva, ile pembetatu nyekundu ya kuonya magari, na tairi la spea. Kisha akasimama katikati ya ile sakafu, pana, safi, isiyo na hata alama ya tairi, akageuka huku na huku akiipima kwa macho.

"Haya, mume wangu," akasema. "Sasa tunaweza kuanza kutafuta gari."