Likizo ya Marehemu Philippe

Philippe alikufa asubuhi, na kabla jua halijapanda alikuwa ameshalalamika mara mbili kwamba mkeka unamwasha.

"Maiti haisemake," Hélène alimwambia bila kugeuka, kasia mkononi. "Nyamaza."

Na Philippe ndiye aliyeipanga likizo yenyewe. Mtoto wa mfanyabiashara wa Butembo aliyefungua duka Kisangani, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni huko, hajui kuogelea hata kidogo, lakini alishona tanga kwa turubai la duka la baba yake na kuwatangazia wanafunzi wenzake wawili, Hélène na Kahambu, wasichana wote, kwamba watazunguka visiwa vya mto mpaka Yanonge, kwa kina Hélène, wakila samaki na kulala mchangani kama watalii. Vita vilikuwa vimetulia mwezi ule. Siku za mwanzo zilikuwa tamu kweli.

Kisha bunduki zikaanza kulia nyuma yao, upande wa mjini. Mvuvi mmoja akatia nanga kisiwani, akawaambia kwamba huko mbele askari wameweka barrière, kizuizi cha ukaguzi, na wanakamata kila kijana mwanaume awabebee masanduku ya risasi. Waliochukuliwa wakati wa Pasaka hawajarudi. Mjini hawawezi kurudi, Yanonge hawawezi kufika. Muhogo ukaisha. Kile kisiwa kizuri kikawa gereza, na Philippe, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akakaa siku nzima akitazama maji. Aliogopa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtania.

Njia ya kutoka aliiona Kahambu, binamu yake Philippe. Mvuvi alikuwa amesema kwamba mtumbwi wa msiba, wenye majani ya mchikichi mbele, haukaguliwi. Hata askari anaogopa maiti.

"Kwetu mutu hachezake na kifo," Hélène alikataa. "Na tukikutana na maiti ingine?"

"Batu ngapi banakufa siku moja kwa huu muto?"

Kahambu akainamisha kichwa mara tu alipomaliza kuuliza.

Basi wakamlaza Philippe juu ya mkeka, wakamfunika kwa tanga lake mwenyewe. Hélène akapaka matumbo ya samaki pembeni ili nzi waje na askari wasije.

Barrière ilikuwa pale mto unapobanwa kati ya kisiwa na ukingo. Askari wanne walikaa chini ya banda la majani, na mmoja, mwenye sandali za plastiki, akashuka hadi majini.

"Nani amekufa?"

"Kaka yetu," Hélène alisema. "Palu, malaria. Tunamupeleka Yanonge, bamuzike."

Askari alitazama nzi. Akavua kofia. "Pole, dada. Bon, mupite."

Kahambu akalia kwa nguvu. Hakuwa na ujuzi wa kulia, lakini hofu ilimsaidia.

Walikuwa hawajamaliza kulipita banda pale mtumbwi mwingine ulipotokeza kwenye kona, ukipanda mto. Mbele yake yalisimama majani ya mchikichi. Wanawake wawili walipiga kasia, na katikati alikaa mama mzee, mkono wake juu ya kitu kirefu kilichofunikwa kwa vitenge. Walilia bila kutaja jina. Nao lazima walikuwa wamepakia samaki, maana harufu iliwatangulia.

Mtumbwi ule ulipowaona, ulikata kwenda ukingo wa pili. Hélène alishukuru kimoyomoyo, akageuza wake upande huu.

Yule askari akapiga mluzi.

"Munapitana hivi? Mimi niko mutu ya Isangi. Kwetu maiti mbili zikikutana kwa mayi, bamama banafunua, banagusa paji, njo safari yao ikuwe moja. Mukuye pamoja. Tutangojea."

Hakuwa akidhihaki. Alisema kwa heshima, kofia bado mkononi, bunduki begani, na wenzake watatu wakasimama nao kuonyesha adabu. Hili ndilo Hélène alilokuwa akiliogopa tangu kisiwani. Kukimbia hawezi, kukataa hawezi. Mitumbwi ikasogeleana polepole, kila mmoja kama unavutwa kwa kamba, mpaka mbao zikagongana.

Mama mzee aliinama juu ya Philippe. Akainua pembe ya tanga.

Philippe alikuwa amebana pumzi tangu mluzi. Ilimshinda. Ikamtoka yote, ya moto, juu ya vidole vya yule mama.

Hélène alifumba macho, akingoja ukelele. Alimfikiria mama yake Philippe dukani Kisangani, akiwauliza wateja kama kuna aliyetoka upande wa mto. Askari walikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuwarushia kasia.

Ukelele haukuja. Mama mzee alimtazama Philippe kwa muda mrefu. Akamgusa paji. Akamfunika vizuri, akaikunja ile pembe chini ya bega lake, kisha akalia kilio ambacho Kahambu asingekiweza hata kwa mwaka mzima.

"Na wewe, dada," askari alisema kutoka ukingoni. "Fanya na wewe."

Hélène alinyoosha mkono kwenye vitenge. Mama mzee akamkamata kifundo cha mkono.

"Mutoto wangu," alinong'ona. "Tafazali. Fanya mubio."

Pengine ameharibika sana, Hélène aliwaza. Pengine aliuawa na bomu. Akajikaza, akainua kitenge.

Kijana aliyelala pale alikuwa amevaa shati jeupe la shule, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka masikioni.

"Mama," alinong'ona, macho ameyafumba kabisa, "barrière imeisha?"