Pointi za Mezani

Uwanjani hapakuwa na tone la mvua, ila kule milimani wingu lilikuwa jeusi tangu alfajiri. Bi Tunu, msimamizi wa ligi ya vuli ya besiboli ya watoto wa mkoa, alimpigia tena simu kocha wa timu ya ng'ambo ya mto. Haikupatikana.

Asubuhi kocha huyo alikuwa amemwambia mto umeanza kujaa. "Msipofika, wenzenu wanachukua pointi za mezani," Bi Tunu alimjibu. Kocha akacheka. "Basi tutavuka, Mama Ligi. Watoto wameshapanda lori."

Sasa kocha wa wenyeji alikuwa akitamba. "Wametukimbia hao! Tupe pointi zetu, Mama Ligi, tukale ubwabwa." Vijana wake wakaangua kicheko.

"Leo hakuna pointi za mezani," alisema Bi Tunu, huku akiandika ujumbe: *Msivuke. Mechi nimeahirisha.* Ujumbe uligoma kwenda.

Ndipo ukasikika mngurumo mzito kutoka upande wa mtoni.

"Lori lao hilo!" vijana walipiga kelele, wakavaa glavu na kukimbilia nafasi zao.

Bi Tunu aligeuka kuitazama barabara ya mtoni. Ilikuwa nyeupe kwa jua, na vumbi lake limetulia tuli.