Sindano ya Shingoni

Panga lilimkosa Daktari Taufiki kwa upana wa kidole, likazama kwenye fremu ya mlango wa wodi. Sudi alilivuta kwa mikono miwili huku akitukana.

"Ganzi ya kung'olea meno mnamdunga kaka yangu shingoni? Mnamjaribia dawa kama panya?"

Kitandani, kaka yake Hafidhi alikodoa macho tu. Tangu kiharusi kimwangushe nyumbani kwake Kirongwe, katikati ya kufoka, upande wa kulia ulikufa na ulimi haukutoa neno. Mapema siku hiyo daktari hakuwaficha ndugu kitu: utafiti ndio kwanza unaanza, ganzi hudungwa karibu na mishipa ya fahamu ya shingo ili damu ipite vizuri kichwani, na hakuna ahadi yoyote. Mize, mke wa mgonjwa, aliuliza swali moja.

"Atasema?"

"Labda mkono utaanza, mama. Au mguu."

"Mkono na mguu vikae. Mimi nataka aseme."

Wauguzi walimwonea huruma. Mapenzi ya siku hizi hayafiki huko.

Panga likachomoka. Kabla Sudi hajalinyanyua, Mize alimrukia, akamng'ata kiganja mpaka damu ikamchuruzika kidevuni. Sudi akampiga kiwiko cha mdomo, jino likaruka. Mwanamke hakuachia. Alinyakua stendi ya dripu, akamtwanga nayo shemeji yake gotini, na alipoanguka akamkalia kifuani.

"Mchome, daktari!" alipiga kelele, akitema damu. "Mchome sasa hivi!"

"Mtamuua kaka yangu!"

"Nyamaza, shemeji, nisije nikakuvunja na goti la pili."

Taufiki alichukua sindano. Kisha akasafisha shingo ya mgonjwa, akadunga.

Wakangoja. Kama ilikuwa sindano au kudra ya Mungu, daktari mwenyewe hakuweza kusema, lakini midomo ya Hafidhi ilianza kucheza.

"Mi... Mize."

Sudi aliangua kilio pale pale sakafuni. Mlinzi aliyekuja mbio akasema alhamdulillahi. Hata daktari alijifuta macho.

Mize aliinuka, akasogea kitandani, akamfuta mumewe mate kwa upindo wa khanga.

"Haya, Hafidhi, mashahidi hawa hapa," alisema. "Malizia ile talaka uliyokuwa unanipa ulipoanguka."